Nilichagua parts za gaming PC mwenyewe hapa Tabaka, na kesi ya kioo nusura initoe kwa chama

Wakuu, hamjambo nyote, wa simu na wa kompyuta.

Haya yamenipata mimi, nyumbani kwangu, na mashini yenyewe ndiyo natumia kuwaandikia. Sijaongeza chumvi. Atakayeonja chumvi ni ulimi wake.

Naandika nikiwa na hasira, nisiwafiche. Kuna mtu humu alisema kwa uzi mwingine kwamba mwanamke akiuliza mambo ya graphics card, huyo anamtafutia bwanake. Nilisoma hiyo nikiwa na mtoto mgongoni na bisibisi mkononi.

Kaa chini, kaka. Hii ni yako pia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Kwamboka, ameanza kutembea juzi na tayari anajua kitufe cha kuzima kompyuta kiko wapi. Nilimaliza form four, nikaolewa huku Tabaka. Bwanangu Ombati anachonga mawe. Yale mawe laini ya Kisii mnayoona yamekuwa viboko, sahani na vinara vya mishumaa kwa maduka ya watalii, yanatoka kwa mikono kama yake.

Kabla niolewe nilishinda sana kwa game room ya kaka yangu Kisii town. Mpira wa kwenye screen naujua. Kuna vijana walilipa mechi baada ya mechi ili tu wanifunge. Wengine wameoa sasa na bado hawajanifunga.

Kwa hiyo niliposema nataka kufungua chumba cha game hapa kwetu barabarani, sikuwa naota. Vijana wa huku walikuwa wanaenda mpaka mjini kucheza.

Mtauliza mbona si console. Console inacheza, basi. Kompyuta inacheza jioni, na asubuhi inaprint, inaandika barua ya kazi, inajaza zile fomu za serikali za mtandaoni. Mama wa kijijini hanunui kitu cha kazi moja. Hata sufuria yangu ni beseni.

Sasa sikizeni mambo ya chama, kwa sababu hapo ndipo shingo yangu ilikuwa imewekwa.

Chama chetu ni cha wanawake. Kila mtu anachanga, zamu ikifika unapewa. Lakini hupewi ukaenda kimya. Baada ya muda wenzako wanakuja kwako kuona ulichonunua. Wanakuja na unga na sukari, mnaomba, mnakula, halafu wanaonyeshwa kitu. Na kitu lazima kifanye kazi. Kama ni tanki, liwe na maji. Kama ni ng'ombe, awe amesimama.

Kitu kikiwa hakipo au kimekufa, wanasema pesa imeliwa. Unatoka kwa chama, na yote uliyochanga unaacha.

Na hicho chama ndicho kilinitoa hospitali nilipozaa Kwamboka kwa kisu. Bwana hakuwa na kitu, shemeji zangu walizima simu. Wanawake wale walikuja. Kwa hiyo msinionee huruma ya "si utaingia kingine". Hakuna kingine.

Mwenyekiti wetu ni Mama Nyaboke. Anauza ndizi kwa jumla Kisii town, ana sauti ya kusimamisha lori. Niliposema kwa mkutano kwamba nanunua kompyuta ya game, aliniangalia kama nimesema nanunua ndege.

"Mama Kwamboka, ya nini?"

"Ya kazi."

"Mchezo ni kazi?"

"Mpira wa Jumapili uwanjani mnalipa kiingilio. Hiyo si mchezo?"

Akaguna. Halafu akasema, "Sawa. Tutakuja kuona. Na iwe inawaka kutoka maombi mpaka chai ya mwisho. Isituonyeshe sura tu kama bwana harusi."

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini hiyo sentensi niliibeba mpaka nyumbani.

Haya, parts.

Nilisoma humu nyuzi zenu nyingi, za maana na za upuzi. Nikaamua hivi. Nachukua kompyuta ya ofisi, ile ex-UK iliyotumika, lakini ile ndefu ya kusimama, si ile nyembamba kama Biblia. Ile nyembamba graphics card ya kawaida haiingii, utabaki unatafuta kadi fupi ambayo bei yake imepanda kwa sababu wote mlifanya kosa hilo hilo.

Processor i5 inatosha. Anayekudanganya lazima i7 kwa mpira wa miguu anataka kuhamisha stock.

RAM, vijiti viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa. SSD si ya kujadili.

Na graphics card, nikatafuta ile isiyo na waya wake wa umeme, ile inayokula kutoka kwa motherboard yenyewe. Sababu ni moja: power supply ya ofisi ni ndogo na haina huo waya. Lakini ni ya ukweli. Ishike mkononi, ni nzito kama jiwe la kusagia. Hizi zingine zimeandikwa watts za kuwasha kijiji na ukiinua ni nyepesi kama kopo la mafuta ya kujipaka.

Hiyo ndiyo ilikuwa orodha yangu. Nilikuwa nayo kichwani. Na ilikuwa sawa, wakuu. Nawaambia kabla hamjaanza: ilikuwa sawa.

Tukaenda Kisii, mimi na Ombati, mtoto mgongoni. Duka silitaji. Kijana wa pale ana kitambulisho shingoni kama daktari. Kwa kaunta ana kiboko cha jiwe, kazi ya huku kwetu, amekikalishia risiti zisipeperuke.

"Bwakire, mzee," akamsalimia Ombati. Mimi hapana.

Nikamwambia ninachotaka, part kwa part. Alinisikiza akimwangalia Ombati, kama mimi ni redio imewekwa juu ya meza.

"Mzee, hii ya ofisi ni ya kuandika barua. Ya game ni hii."

Akatoa kesi. Ubavu kioo, mbele wavu mtupu, feni tatu za taa za rangi. Akawasha. Ikawa kama harusi.

"Ndani naweka hizo hizo parts madam anataka. I5, ram, kadi, zote. Nazitoa kwa ile ya ofisi nazihamishia hapa. Na power supply mpya, kubwa."

Nikaishika hiyo power supply. Nyepesi.

"Hii haina kitu ndani," nikasema.

"Madam, hiyo ni teknolojia. Siku hizi vitu vimekuwa vyepesi."

"Na mahali nakaa ni Tabaka. Kuna vumbi."

"Vumbi liko kila mahali. Ndiyo maana ina feni tatu. Itapumua."

Hapo ndipo bwanangu, mtu niliyemchagua mwenyewe bila kulazimishwa, akafungua mdomo.

"Chukua hii ya taa. Hao wamama wakiingia waone kitu kinawaka. Ile nyingine watasema umenunua sanduku."

Na kweli, wakuu, hapo palikuwa na akili. Chama chetu ni cha kuona. Mama Nyaboke haoni RAM. Anaona taa. Wawili kwa mmoja, nikazidiwa. Tukabeba harusi yetu tukaenda nayo nyumbani.

Ilifanya kazi vizuri mwanzoni. Vijana walijaa. Picha laini, haikwami, mpira unapaa vile unatakiwa. Ombati akawa anapita mlangoni akiangalia zile taa kama yeye ndiye alizigundua.

Halafu ikaanza kuzima.

Si ile ya kukwama. Inazima yenyewe katikati ya mechi, pap, giza. Mwanzoni nikasingizia Kwamboka. Halafu ikazima mtoto akiwa amelala. Vijana wakaanza kudai mechi zao zirudiwe. Mmoja aliyekuwa anaongoza mabao akataka kulia, mtu mzima na ndevu.

Nikaleta shida yangu humu. Mnakumbuka majibu yenu? Mimi nakumbuka. Mmoja akasema niongeze feni. Mwingine akasema niongeze feni zaidi. Wa tatu akasema nimwite bwanangu aangalie.

Nikatafuta bisibisi mwenyewe, nikafungua.

Wakuu, ndani kulikuwa kweupe.

Ile chuma yenye meno iliyo juu ya processor, hakuna jino lilionekana. Imejaa kama imepigwa plasta. Feni ya graphics card imevaa koti. Power supply nikachungulia kwa matundu yake, unga umeganda mule ndani, kwa sababu huku kwetu hewa ni ya mvua, vumbi likikutana na unyevu linakuwa uji.

Nikaugusa kwa kidole. Laini, unateleza. Si vumbi la barabara. Lilikuwa jiwe.

Nikatoka nje hivyo hivyo na kidole cheupe. Ombati alikuwa kwa veranda, ukuta mmoja na kompyuta, anapasua kiboko. Panga juu, panga chini, unga unapaa. Na pembeni yake mama mkwe wangu amekaa na beseni, anasugua sahani kwa msasa ndani ya maji. Kwake hapakuwa na hata moshi wa unga. Nguo yake safi, uji wote umelala kwenye beseni.

Hivyo ndivyo tunafanya huku tangu zamani. Wanaume wanakata jiwe likiwa kavu, wanawake wanasugua kwa maji. Nimepita katikati ya hao wawili kila siku tangu niolewe. Na mimi nikaenda kununua kompyuta yenye mdomo wazi na feni tatu zote zinavuta ndani, hata moja haitoi nje, nikaiweka nyuma ya panga la Ombati.

Feni zilikuwa zinafanya kazi yao vizuri sana. Zilikuwa zinavuta mlima wa Tabaka, zinaujaza kwa i5 yangu. Na kila ushauri wa "ongeza feni" ulikuwa unaniambia niuvute haraka zaidi.

Nikamwonyesha Ombati kidole. Akakiangalia.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ni wewe."

Aliweka panga chini. Huyo mtu ana makosa yake lakini anajua wakati wa kuweka panga chini.

Siku hiyo hiyo simu ikaja. Mama Nyaboke. Wanakuja Jumamosi.

Nikafunga kompyuta na leso, nikapanda nayo mpaka Kisii peke yangu. Safari hii Ombati nilimwacha na mtoto. Nilitaka yule kijana akose mtu wa kumwangalia.

Akaiona, akainua mikono.

"Madam, warranty haishiki mchanga."

"Si mchanga. Ni jiwe."

"Hiyo sasa ni mbaya zaidi."

"Nilikwambia nakaa Tabaka."

"Sikujua ni vumbi la aina gani."

Nikachukua kile kiboko chake, risiti zikamwagika, nikakigonga kwa kaunta mbele yake. "Hiki ulifikiri kinaota shambani? Unga wake ulifikiri unaenda wapi?"

Wateja wakageuka. Kuna mama mmoja mwenye mkoba wa ofisi akasema, "Msikize huyu." Kijana akaanza kuongea polepole.

Sikutaka pesa zake. Angenirudisha rudisha mpaka Jumamosi ipite. Nilitaka kitu kimoja: kesi ya ofisi alimozitoa parts zangu. Ilikuwa bado iko nyuma ya duka, nimeiona kwa macho yangu imelala chini ya marundo ya kibodi. Bati zito, mbele imefungika, feni moja ya kuvuta na moja ya kutoa, na power supply yake ya asili ikiwa ndani.

"Watu wanatoka kwa hizo wanakuja kwa kioo," akasema. "Wewe unarudi nyuma?"

"Narudi kwa orodha yangu."

"Hii power supply ni ndogo. Ile nilikupa ni kubwa mara mbili."

"Iweke kwa mizani tuone."

Hakuweka. Tukabadilishana. Kioo na taa zikabaki kwake, akazipuliza kwa blower, na nasikia kuna mwanafunzi alizichukua kabla hata sijafika stendi. Afurahie, kama kwao hawachongi mawe atakaa nazo. Mimi akaniongezea kijiti cha pili cha RAM, ambacho mwanzoni hakuweka, ili niache kuongea kwa sauti. Nikapuliza parts zangu zote mwenyewe, nikasugua meno ya ile chuma kwa mswaki, nikaweka thermal paste mpya. Graphics card ile ile, isiyo na waya. Ikawaka mara ya kwanza.

Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia kwa redio.

Nyumbani nikafanya yafuatayo. Nilikata soksi ndefu yangu ya kanisani, nikaivutia mbele ya ile feni ya kuvuta, ikakaza kama ngoma. Hewa inapita, unga unabaki nje, naivua naifua. Msicheke. Imefanya kazi kuliko ile filter niliyoona ikiuzwa mjini.

Nikaitoa kompyuta sakafuni, nikaiweka kwa rafu juu. Vumbi la jiwe ni zito, linakaa chini.

Na nikamwambia Ombati ukweli: panga lihamie chini kwa mgomba, upande upepo unaenda, au mimi nihame. Kwa veranda kazi ni ya maji tu.

"Mvua ikinyesha?"

"Usugue na mama yako."

Mwanaume wa hapa kukaa na beseni ni maneno. Jirani zake walimcheka. Lakini mvua ilinyesha Ijumaa na nilimwona amekaa pale, msasa mkononi, kiboko ndani ya maji, kama anamwogesha mtoto.

Jumamosi wakaja. Kwa sababu tuna mwenzetu Mama Akinyi, ameolewa huku kutoka upande wa ziwa, mkutano wetu huwa ni kwa Kiswahili. Wakaingia, wakaimba, wakaketi. Macho yote kwa rafu.

"Ndiyo hii?" Mama Nyaboke akauliza. "Si ilikuwa na taa? Mtu aliniambia ina taa."

"Taa nimetoa."

"Umeuza?"

"Nimebadilisha na chuma."

Akaguna ile guna yake. Nikajua kuna mtu ameshapeleka habari kwamba imekufa. Nikabonyeza kitufe kabla ya maombi, kama alivyosema. Ikawaka. Nikaweka mechi, nikamkabidhi Mama Akinyi pad moja, yangu moja.

Tukaomba mechi ikiendelea. Mungu anisamehe, nilikuwa nafungua jicho moja.

Obokima, ugali wetu wa wimbi, ikaletwa, na mboga ya chinsaga, na kuku. Mashini inaendelea. Mama Akinyi hajawahi kushika pad maishani lakini alikuwa anaipinda na mwili wote.

"Mpe yule wa kushoto! Ako peke yake!" Hapo ni mwanachama mwingine na kipande cha kuku mkononi.

"Huyu refa amekula kitu," Mama Nyaboke akasema. "Hiyo ni penalti. Mimi nimeona."

"Mwenyekiti, si ulisema mchezo si kazi?"

"Nyamaza nione."

Sahani zikatolewa. Chai ikaja. Mimi sikuweza kunywa. Kila mtu alikuwa anaangalia mpira, mimi nilikuwa nasikiliza feni. Ilikuwa inavuma pole pole tu, sauti moja, kama mtu amelala vizuri.

Chai ya mwisho ikamiminwa. Mama Nyaboke akakiweka kikombe chini, akainuka. Akaenda kwa rafu. Akaweka kiganja chake nyuma ya kompyuta, pale hewa inatokea, akakiacha hapo. Halafu akakigeuza, akaweka upande wa nyuma wa mkono, vile unampima mtoto.

Hata Mama Akinyi aliacha kukimbiza mpira.

"Haina homa," akasema.

Akawageukia wenzake. "Pesa imeonekana."

Wakapiga vigelegele. Mimi nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikarudi. Sitaki maneno kuhusu hilo.

Sasa somo, na nitasema mara moja. Orodha ya parts haianzi dukani wala humu. Inaanza kwa mlango wa nyumba yako. Angalia nini kinapaa hewani kwenu: unga wa posho mill, moshi wa kuni, manyoya ya kuku, jiwe. Kompyuta yako itavuta hicho kila dakika inapowaka. Ukishajua utakachoilisha, ndipo uulize i5 au i7. Na pesa ikiwa kidogo, power supply nzito ya zamani ishinde kubwa nyepesi ya jana. Taa ziwe za mwisho kabisa, kama zitabaki.

Na wewe dada unayeogopa kuuliza dukani, uliza. Wakimwangalia bwanako, rudi peke yako.

Niambieni: hapo kwenu vumbi ni la nini, na mmeizuia vipi? Nataka kusikia hasa wa posho mill na wa kando ya barabara ya murram. Yule wa "anamtafutia bwanake" pia karibu. Pad ya pili iko. Aje na nauli ya kurudi, maana hapa anayefungwa halali kwangu.